Maswali ya Wasomaji: Kufika Mombasa na Kuzunguka Mjini

Barua za mwezi huu zimetoka Thika, Tanga, Kisumu na hata Maskati, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mgeni anayekwenda Mombasa apande nini? Kabla hatujajibu barua moja moja, tunamwomba msomaji akumbuke kwamba Mombasa ni kisiwa, na kwamba mji umekwisha kukivuka kisiwa hicho na kuenea bara zote tatu: kaskazini kuna Nyali, Bamburi na Shanzu, magharibi kuna Changamwe, Port Reitz na Miritini, na kusini kuna Likoni na Mtongwe. Stesheni ya treni na uwanja wa ndege viko bara ya magharibi, ilhali hoteli nyingi za ufukweni ziko kaskazini na kusini. Kwa hiyo mgeni hana budi kuvuka maji, pengine mara mbili, na foleni huwa ndefu zaidi pale pale pa kuvukia. Swali la kwanza, basi, ni maji yapi utakayovuka na saa ngapi. Swali la gari hufuata baadaye.

Swali: Mhariri, tunatarajia kwenda Mombasa mwezi wa Desemba: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Tumepanga nyumba Nyali. Mume wangu anapendelea basi la usiku kwa kuwa anasema treni haifiki mjini. Mimi nataka treni. Nani kati yetu yuko sahihi? – Mama wa watoto watatu, Thika.

Jibu: Mama, nyote wawili mko sahihi kwa sehemu, ila kwa safari yenu tungechagua treni.

Ni kweli kwamba treni ya SGR, yaani ya reli mpya ya kisasa kati ya Nairobi na Mombasa, ambayo ilianza kubeba abiria mwaka 2017, haifiki kisiwani. Inaishia Miritini, bara ya magharibi, zaidi ya kilomita kumi kutoka katikati ya mji. Upande wa Nairobi vilevile inaanzia Syokimau, wala si katikati ya jiji. Hili la Syokimau lisiwatie wasiwasi ninyi mnaotoka Thika, kwa sababu mkishika Eastern Bypass kutokea Ruiru mtatokea Barabara ya Mombasa karibu na City Cabanas bila kuingia katikati ya Nairobi, kisha mtakuwa mmebakiza mwendo mfupi tu. Basi, kwa upande wake, lina sifa moja ambayo treni haina, nayo ni kwamba linawashusha Mwembe Tayari, ndani ya kisiwa. Lakini ni kilomita takriban 480 katika barabara inayotumiwa na malori yote ya bandarini, usiku kucha, na mtu mwenye maumivu ya magoti hawezi kusimama na kujinyoosha ndani ya basi kama anavyoweza kutembea kidogo ndani ya behewa.

Kuna treni tatu kwa siku. Ya saa mbili asubuhi husimama katika vituo vya njiani, kama vile Emali, Mtito Andei, Voi na Mariakani, na hufika Miritini mnamo saa nane mchana. Ya saa tisa alasiri huenda kasi zaidi na kufika baada ya saa mbili usiku. Ya saa nne usiku hufika alfajiri, kabla ya saa kumi. Watu wengi huikimbilia ile ya alasiri kwa sababu ya kasi yake. Kwenu ninyi tunapendekeza ya asubuhi. Watoto wataiona Tsavo mchana, na si ajabu wakaona ndovu kupitia dirishani. Lililo muhimu zaidi ni kwamba kutoka Miritini hadi Nyali mtavuka mara mbili, kwanza kuingia kisiwani kupitia Makupa, halafu kutoka kisiwani kupitia Daraja la Nyali, na jioni magari ya wafanyakazi wanaorudi makwao bara ya kaskazini hulijaza daraja hilo la pili. Abiria wa saa nane hulivuka kabla ya msongamano huo kuanza. Ile ya alfajiri haifai kabisa kwa familia yenu, kwani mkishafika mtawaketisha wapi watoto na bibi yao saa kumi ya usiku, wakati mwenye nyumba ya kupanga bado amelala?

Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na ya daraja la kwanza ni shilingi 4,500 kwa mtu mzima anayesafiri kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia, na watoto wadogo hulipiwa nusu. Kama bajeti yenu inaruhusu daraja la kwanza kwa mtu mmoja tu, msimpeleke mama mkwe huko peke yake. Afadhali mketi pamoja. Tiketi hukatwa kwa simu kupitia *639# au katika tovuti ya Shirika la Reli, na kila mtu mzima huhitaji kitambulisho au pasipoti. Desemba ni mwezi ambao tiketi huisha mapema sana, kwa hiyo msingoje hadi shule zifungwe. Siku ya safari fikeni stesheni saa nzima au zaidi kabla ya treni kuondoka, kwa kuwa mizigo hupangwa chini na kunuswa na mbwa wa polisi, kisha hupitishwa kwenye mashine, na treni haimngoji aliye kwenye foleni.

Mkifika Miritini mtakuta matatu za kwenda mjini zikiwangoja abiria, pamoja na teksi nyingi. Matatu ni rahisi kwa mtu mwenye begi moja. Ninyi ni watu sita wenye mizigo, na gari dogo la teksi hubeba abiria wanne, kwa hiyo mwombeni mwenye nyumba awatafutie gari kubwa mapema, mkubaliane bei kabla ya siku yenyewe, na mpate nambari ya usajili ya gari hilo.

Swali: Assalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ila nimeishi Maskati tangu nilipoolewa. Ninarudi kwa ajili ya harusi ya mpwa wangu na ninaleta masanduku makubwa matatu. Vijana wananiambia nitumie teksi ya programu ya simu kutoka uwanja wa ndege. Je, itanifikisha mlangoni? – Bi Mkubwa wa Maskati.

Jibu: Waaleikum salaam, Bi Mkubwa, na pongezi kwa harusi. Uwanja wa Ndege wa Moi uko Port Reitz, na njia ya kuingia mjini kutoka huko ni hiyo hiyo ya Changamwe na Makupa tuliyoitaja juu. Tangu uondoke jambo moja limebadilika: pale Makupa, ambapo zamani palikuwa na tuta la mawe na udongo lililoziba maji, tangu mwaka 2022 pamejengwa daraja halisi, na maji yanapita tena chini yake kutoka upande mmoja wa kisiwa hadi mwingine. Bahari imepumua, na wavuvi wa Tudor pengine wana la kusema kuhusu hilo kuliko sisi.

Teksi za simu kama Uber na Bolt hufanya kazi Mombasa, na faida yake ni kwamba unaijua bei kabla ya kupanda. Ubaya wake ni kwamba dereva hufuata ramani, na ramani haijui kwamba vichochoro vya Mji wa Kale vilijengwa kwa ajili ya watu na punda. Gari halitafika mlangoni. Mwambie dereva akushushe Ndia Kuu, karibu na Ngome ya Yesu, au Makadara, kutegemea nyumba ya ndugu zako iko upande gani, na uwaombe vijana wa nyumbani wakusubiri hapo wakiwa wamekwisha kuafikiana na mwenye mkokoteni. Masanduku matatu makubwa ni mzigo wa mkokoteni mmoja, na kazi hiyo hufanywa kila siku na watu wanaovijua vichochoro vyote. Hamali hulipwa mwisho wa safari, lakini bei husemwa mwanzo.

Kwa siku zilizobaki za harusi, tuktuk itakutosha. Hubeba abiria watatu nyuma ya dereva, huingia mahali ambapo gari huogopa, na mtu aliyevaa buibui na kushika sinia la zawadi hupanda na kushuka bila taabu. Mtu asikupakie kwenye bodaboda ukiwa na nguo za harusi, hata kama umechelewa.

Swali: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wa Tanga. Mwanangu amehamia Bamburi na ananitaka nimtembelee. Nitapita mpaka wa Horohoro kwa basi. Nikiri kwamba kivuko cha Likoni kinanitia hofu tangu niliposikia habari za ajali ya mwaka 1994. Je, ipo njia ya kukikwepa? – Mwalimu, Tanga.

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Njia ipo, lakini turuhusu kwanza kuzungumza juu ya hofu yenyewe, kwa kuwa wasomaji wengine wanayo na hawaisemi.

Ajali unayoikumbuka ni ya tarehe 29 Aprili 1994. Chombo kiitwacho MV Mtongwe kilipinduka kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na watu 272 walikufa. Kilikuwa katika kivuko cha Mtongwe, ambacho ni tofauti na cha Likoni. Hatusemi hivyo ili kupunguza uzito wa msiba ule, ambao hadi leo hakuna ukoo wa Mombasa Kusini usioujua. Tunasema hivyo kwa sababu kosa lililosababisha maafa yale, yaani kupakia bila kiasi, ndilo ambalo milango na askari wa pande zote mbili za Likoni wamewekwa kulizuia. Abiria wa miguu huzuiliwa ndani ya banda la kungojea hadi chombo kitakapofunga na magari yashuke, ndipo mlango hufunguliwa. Mgeni huudhika kwa kucheleweshwa hivyo, ilhali ndivyo usalama wake unavyolindwa. Ukivuka, usikimbie pamoja na umati mlango unapofunguliwa. Mwambie askari kwamba wewe ni mtu mzima na unahitaji kutembea taratibu, ukae kandokando karibu na ukuta wa chombo na si katikati ya magari, na usijaribu kupiga picha, kwa kuwa askari watakuzuia. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu, na mtembea kwa miguu halipi chochote. Kinachochosha ni kungoja. Asubuhi umati huwa Likoni ukielekea kisiwani, na jioni huwa kisiwani ukirudi Likoni. Mtu anayefika katikati ya mchana huvuka kwa utulivu.

Sasa kuhusu kukikwepa. Barabara ya Dongo Kundu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ahadi tu, leo hii inaunganisha barabara ya Lunga Lunga, pale Kibundani, na upande wa Miritini na uwanja wa ndege. Inapita juu ya madaraja makubwa kadhaa, likiwamo la Mteza lenye urefu wa karibu kilomita moja na nusu, na katika sehemu zake nyingi unaona mikoko pande zote mbili. Anayeifuata hafiki Likoni kabisa. Atazunguka kwa upande wa magharibi, kisha ataingia kisiwani kwa Makupa kama mtu aliyetoka Nairobi.

Hata hivyo, abiria wa basi hachagui njia. Ndiyo sababu swali la kuuliza pale Tanga, kabla ya kulipa, ni hili: basi lenu huingia Mombasa kwa feri au kwa Dongo Kundu? Likiwa ni la feri, ujue kwamba pale Likoni abiria hushuka na kuvuka kwa miguu, kisha hupanda tena upande wa pili, kwa hiyo mkoba wenye hati, dawa na fedha usiuache ndani ya gari. Likiwa ni la Dongo Kundu, utabaki kitini hadi Mwembe Tayari. Vyovyote vile, hakikisha una pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo pale mpakani inaweza kuulizwa na inaweza isiulizwe. Asiye nayo siku inapoulizwa hupoteza muda mwingi.

Kutoka Mwembe Tayari hadi Bamburi bado una maji ya kuvuka, lakini hayo ni ya Daraja la Nyali, na utayavuka ndani ya gari. Matatu za kwenda Bamburi na Mtwapa hupatikana Posta, katika barabara ya Digo, na Buxton. Mwambie makanga mapema jina la steji utakayoshukia, kwa maana Bamburi ni ndefu na steji zake ni nyingi. Afadhali zaidi, mwanao aje kukupokea Mwembe Tayari. Ndiye aliyekualika.

Swali: Mimi na mke wangu tutaruka kutoka Kisumu kwenda fungate Diani, kusini mwa Mombasa. Wakala anatushauri tushuke Uwanja wa Moi. Rafiki yangu anasema tutalala kwenye foleni ya feri. – Bwana Harusi, Kisumu.

Jibu: Rafiki yako anaizungumzia Mombasa ya miaka kadhaa iliyopita. Kutoka Uwanja wa Moi hadi Diani hamna haja ya kukigusa kisiwa wala feri. Gari litashika Dongo Kundu moja kwa moja, litokee Kibundani, kisha lielekee Ukunda. Hakikisheni tu kwamba bei mnayoambiwa ni ya njia hiyo, kwa kuwa wapo madereva ambao bado hutaja bei ya zamani iliyohesabia saa za kungoja Likoni. Njia ya pili ni ndege ndogo inayotua Ukunda kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Ni ghali zaidi, na mizigo huwekewa mipaka mikali ya uzito, lakini mkishuka mnakuwa mmefika. Hoteli nyingi za Diani ziko mwendo wa dakika chache. Kwa fungate tungeangalia bei zote mbili, tukijumlisha na teksi, kabla ya kumsikiliza wakala.

Swali: Nitakuwa Mombasa kwa mafunzo ya kazi na nitaishi Tudor. Nauli halali ya tuktuk ni kiasi gani? Sitaki kuibiwa. – Mwanafunzi, Eldoret.

Jibu: Tuktuk haina mita, na bei hutegemea umbali, saa, mvua na jinsi unavyouliza. Anayeuliza "ni pesa ngapi?" huku akitazama huku na kule hutajiwa bei ya mgeni, anayetaja mwenyewe anakokwenda na kiasi anachotoa hupata bei ya mwenyeji au iliyo karibu nayo. Kwa siku mbili za kwanza waulize watu wa nyumba unayoishi wanalipa kiasi gani hadi Posta, kisha anzia hapo. Elewana na dereva kama ni safari yako peke yako au atapakia wengine njiani, maana bei hizo ni mbili.

Kwa safari za kila siku za kwenda kazini, tumia matatu. Ni nafuu na ina njia inayojulikana. Funga mkanda, hata kama wenzako wanakutazama kwa mshangao: sheria hiyo, iliyoanza mwaka 2004 pamoja na ile ya vidhibiti mwendo, haijafutwa, na siku ya msako anayekamatwa ni abiria pia. Bodaboda ni ya haraka kuliko vyote pale Digo Road inapofunga, lakini usipande ya dereva asiye na kofia ya pili ya kukupa.

Mafunzo yako yakiangukia mwezi wa Ramadhani, panga kutoka kazini mapema. Saa moja hivi kabla ya magharibi mji mzima hukimbilia futari kwa wakati mmoja, matatu hujaa, na adhana ikishasikika madereva wengi huegesha na kufuturu kwanza. Baada ya hapo magari hurudi barabarani, na mji hukesha.

Swali: Je, nije na gari langu kutoka Nairobi? – Msomaji, Kiambu.

Jibu: Kama unakwenda kukaa kisiwani, gari litakuwa mzigo. Maegesho hulipiwa, barabara za Digo na Moi Avenue hujaa saa za kazi, na Mji wa Kale utautembea kwa miguu hata ukiwa na magari matatu. Kama unakusudia kwenda Kilifi, Watamu au Shimoni, lilete. Ukilazimika kuvuka Likoni ukiwa na gari, weka fedha katika simu kabla ya kuingia foleni, zima injini ukishapakia chomboni, uvute breki ya mkono, na madirisha uyaache wazi hadi utakapofika ng'ambo.